Simba Aliyeliwa na Chumvi

Kazi ilipoletwa kwangu ilielezwa kwa maneno machache: juu ya mlango wa jengo la zamani hapa Mombasa kuna nembo ya udongo wa kuchoma, imelika, inatakiwa nyingine kama hiyo. Niliuliza "kama hiyo" ni kama ipi, ilivyokuwa siku ya kwanza au inavyoonekana leo. Msimamizi wa kazi alinitazama kidogo, akasema, "Fundi, wewe si ndiye mfinyanzi?"

Jengo sitalitaja jina, maana wapo ambao hadi sasa hawajakubaliana na tulichokifanya. Itoshe kusema lilijengwa na serikali ya kikoloni baina ya vita vikuu viwili, kuta zake nene za matumbawe na chokaa, mlango umeelekea upande unakotoka kusi, na bahari haiko mbali. Nembo ni ile ya ufalme wa Uingereza ambayo wazee wetu waliizoea kortini na kwenye ofisi za serikali: ngao iliyogawanywa sehemu nne, taji juu yake, simba kushoto kwa mtazamaji, farasi mwenye pembe moja kulia, na chini utepe wa maneno ya Kifaransa, "Dieu et mon droit", yaani Mungu na haki yangu. Upana wake unakaribia mita mbili. Imeungwa kwa vipande, kwa sababu donge zima la ukubwa huo lingepasuka kabla halijafika tanurini.

Kutoka chini barabarani uliona uvimbe tu ukutani. Nilipopanda jukwaani na kuinua uso, simba hakuwa na sura. Pale palipokuwa na macho, pua na mdomo pamebaki ulaini mtupu, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji. Farasi amepoteza pembe na sikio moja. Taji limebaki nusu. Kwenye robo ya kwanza ya ngao, ambapo panatakiwa kuwa na simba wadogo watatu waliopangwa mmoja juu ya mwingine, ilibaki migongo mitatu. Maneno ya utepe yamefutika katikati, zikabaki herufi za mwanzo na za mwisho.

Lakini kila palipofunikwa na kitu kingine palikuwa pazima. Tumbo la farasi, nyuma ya paja la simba, uvungu wa utepe, pembe ndogo kati ya ngao na kwato: huko mikato ilikuwa mikali, kingo zinakwaruza kidole. Nilitumia muda mwingi nikichungulia uvunguni na kioo kidogo na tochi kuliko nilioutumia kutazama mbele. Mtu anayetaka kujua nembo iliyolika ilikuwaje asianzie usoni. Aanzie kwapani.

Watu husema mvua ndiyo iliyoila. Mvua ina sehemu yake, lakini mlaji mkubwa ni chumvi. Udongo uliochomwa vizuri una ngozi ya nje, nyembamba na ngumu, inayotengenezwa na moto wenyewe. Upepo wa bahari unaleta chumvi, unyevu unaiingiza kwenye vitundu vya udongo, jua la mchana linakausha ukuta, na chumvi inaganda humo ndani kuwa chembe. Chembe inakua, inasukuma, ngozi inabanduka. Ngozi ikishatoka, ndani kuna mwili laini zaidi, na hapo mambo huenda haraka. Ukipitisha kitambaa cheusi kwenye kifua cha farasi kilirudi na unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi, nikajua.

Kulikuwa na mengine mawili. Vipande vya nembo vilishikiliwa ukutani kwa vyuma vya kawaida, na chuma kikishika kutu kinavimba, kinahitaji nafasi kubwa kuliko ile kilichopewa, kwa hiyo kilipasua udongo kutoka ndani. La pili ni simiti. Wakati fulani baada ya uhuru mtu alijaza maungio yote kwa simiti na kuipaka ukutani kuzunguka nembo. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapitisha unyevu, unaunywa na kuutoa. Simiti inauziba. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye chokaa yakatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ilikuwa simba na farasi. Aliyefanya hivyo simjui wala simlaumu. Miaka hiyo simiti ilionekana dawa ya kila kitu, na hata leo ukienda kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukaulizia chokaa ya kujengea, muuzaji atakuonyesha mfuko wa simiti.

Kipande cha kiuno cha simba kilikuwa kimelegea, tukakishusha kwa kamba na magunia. Kilipogeuzwa, nyuma yake ilikuwa tupu, kimefinyangwa kama boksi lisilo na mfuniko, lenye kuta ndogo za kulitia nguvu. Na humo ndani, mahali ambapo hakuna aliyetazamiwa kuona, zilikuwepo alama za vidole gumba. Safu kwa safu, moja karibu na nyingine, zinateremka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Fundi aliusukuma udongo ndani ya kalibu kwa gumba la mkono wa kulia, akiwa na haraka lakini bila kuruka mahali. Nilitia gumba langu kwenye moja. Lake lilikuwa jembamba zaidi.

Tangu hapo niliacha kuifikiria kazi hii kama kutengeneza simba. Nembo ya ufalme ina kanuni zake, zimeandikwa, mtu yeyote anaweza kuzipata: simba watatu wa England kwenye robo ya kwanza na ya nne, simba wa Scotland amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye robo ya pili, kinubi cha Ireland kwenye ya tatu. Farasi lazima awe na mnyororo. Kanuni zinakuambia kuna nini, hazikuambii nyusi za simba huyu zilikuwa nene kiasi gani. Mafundi wawili wakipewa kanuni zilezile watatoa simba wawili tofauti, mmoja mkali, mwingine kama paka wa nyumbani aliyeshiba. Nilichotakiwa kukifuata ni mkono wa yule mtu mwenye gumba jembamba, na mkono huo haumo kwenye kanuni yoyote. Umo kwenye mikato iliyosalia kwapani na uvunguni.

Nikaanza kuisoma mikato. Manyoya ya shingo ya simba, yale yaliyojificha nyuma ya ngao, yalikatwa kwa chombo bapa, mikato mitatu kila shungi: mrefu, mfupi, mrefu. Kila shungi linapindia kushoto. Mkia wa farasi ulikatwa vivyo hivyo. Kwenye kwato hakujisumbua, ni mstari mmoja tu wa waya. Kwa hiyo ni mtu aliyependa nywele na kuchoshwa na miguu, na nikaona nimfuate hivyo hivyo, hata pale ambapo mimi ningependa kwato nzuri zaidi.

Umri wa nembo tuliupata kwa vitu viwili ambavyo mtu asiyejua angevipita. Kwenye robo ya tatu, kinubi kilikuwa kimelika, lakini upande wa mbele wa fremu yake ulikuwa na uvimbe mahali pa kifua na mwingine mdogo mahali pa kichwa. Kinubi chenye umbo la mwanamke mwenye mabawa ndicho kilichotumika hadi enzi za Mfalme George wa Sita. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa mwaka 1953 nembo yake ilipewa kinubi cha kawaida, kisicho na mwanamke. Jambo la pili ni taji. Nusu iliyobaki ilikuwa na tao lililopanda na kujiviringisha bila kubonyea katikati. Taji la Elizabeth lina matao yanayozama kidogo chini ya tufe la juu. Haya hayakuzama. Basi tukawa na uhakika kwamba nembo ni ya kabla ya 1953, sambamba na jengo lenyewe, haikuongezwa baadaye. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia kufurahia kifua cha mwanamke wa udongo.

Picha za zamani zilisaidia, si sana. Familia moja jirani ilikuwa na picha ya arusi iliyopigwa kwenye ngazi za jengo, bwana arusi amevaa kanzu na joho, na juu ya vichwa vya watu, upande mmoja tu, anaonekana farasi akiwa bado na pembe yake. Kutokana na picha hiyo tuliweza kupima mwinamo wa pembe. Simba aliangukia nje ya picha. Mpiga picha alimjali bwana arusi, na ndivyo ilivyopasa.

Kila jioni nikishuka jukwaani nilipita kwenye barza ya wazee wanywao kahawa, na mmoja wao hakuniacha nipite hivi hivi.

"Fundi, huyo simba sisi tulishukuru alipooza. Wewe wamfufulia nini?"

"Shikamoo mzee. Sijamfufua bado."

"Marahaba. Na ukimfufua utamrudishia na meno?"

Wenzake walicheka. Nilijaribu kumjibu kwa mfano wa Ngomeni. Juu ya lango la Fort Jesus kuna maandishi ya Wareno ya mwaka 1635 pamoja na nembo yao, yaliyowekwa baada ya wao kuirudisha ngome mikononi mwao kufuatia uasi wa Yusuf bin Hasan mwaka 1631. Maandishi yale ni ya mshindi akijisifu mbele ya mji aliouadhibu. Hakuna anayedai yang'olewe, watalii wanapiga picha, watoto wa shule wanapelekwa kuyaona, na tangu 2011 ngome nzima imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Mreno sikumwona," akasema. "Huyu nilimwona."

Sikuwa na la kumjibu, na sina hadi leo. Ninachoamini ni kwamba mlango ule bila nembo unakuwa mlango mzuri tu wa zamani, mtu akipita hapo atasifu mbao. Nembo inamwambia nani alikuwa ameketi ndani na kwa jina la nani. Tena katika Mwambao huu jambo lenyewe lilikuwa na utata wake: tangu 1895 Mwingereza alitawala, ilhali kwa karatasi ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngomeni hadi 1963. Simba wa Mwingereza mlangoni na bendera ya Sultani mita chache kutoka hapo ni historia ambayo vitabu vya shule huipitia kwa aya moja. Lakini hayo ni maoni yangu, na mzee ana haki ya yake. Niliendelea kupita barazani kwake na yeye akaendelea kuniuliza habari za meno.

Swali lake, bila yeye kukusudia, ndilo lililokuwa gumu kuliko yote upande wa ufundi. Mkataba wa Venezia wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani huurejelea, unasema katika kifungu cha 9 kwamba ukarabati ukome pale dhana inapoanza, na kifungu cha 12 kinataka sehemu mpya zipatane na za zamani lakini ziweze kutambulika, ili kazi mpya isijifanye ushahidi wa kale. Kwa pembe ya farasi tulikuwa na picha. Kwa taji tulikuwa na nusu, na nusu ya pili ni kivuli chake. Kwa maneno ya utepe hakuna shaka, kila mtu anayajua. Kwa uso wa simba hatukuwa na kitu. Kichwa kilipo, kimo chake na kwamba anatazama upande wetu, hayo yalionekana. Macho, pua, meno, hapana.

Msimamizi alitaka meno. Alileta picha za nembo kama hiyo kutoka majengo ya Uingereza, kila moja na uso wake, akaniambia nichague ninayoipenda. Hapo ndipo tulipokwaruzana. Nikichagua, watu wa miaka hamsini ijayo wataamini huo ndio uso uliokuwepo, na watakuwa wameuamini uongo wangu. Nikiacha donge tupu, itaonekana kazi haikumalizika. Mwishowe nilifinyanga kichwa kwa maumbo makubwa tu: kishimo cha jicho, daraja la pua, mstari wa mdomo uliofungwa. Sikutia nyusi, sikutia masharubu, sikutia mikato yoyote kwenye ngozi ya uso. Ukisimama barabarani unaona simba. Ukipanda ngazi unaona wazi kwamba fundi wa manyoya na fundi wa uso si mtu mmoja. Msimamizi hakuridhika. Mhifadhi aliyetumwa kukagua aliridhika, na sahihi iliyohitajika ilikuwa yake.

Kuhusu udongo wenyewe, nitasema yale ambayo yangenifaa kama ningeyakuta yameandikwa mahali.

Udongo wa huku kwetu pwani usiuamini haraka. Nilijaribu mmoja mzuri wa kufinyangika, mlaini, mtiifu mkononi. Nilichoma kigae cha majaribio, kikatoka kizima, nikakiweka dirishani. Baada ya siku kadhaa za hewa yenye unyevu nikakuta kigamba kidogo kimeruka kutoka usoni, na chini ya shimo lake kuna nukta nyeupe. Ni chembe ya matumbawe. Moto ukipita nyuzi 900 hivi, chembe hiyo inageuka chokaa hai; baadaye inanyonya unyevu wa hewa, inavimba na kurusha kila kilicho mbele yake. Kigae kimoja kikirusha kigamba ni hasara ndogo. Pua ya simba ikiruka kutoka mita sita juu ya barabara ni jambo lingine. Nikaagiza udongo wa bara, ambao pia ulitoka tanurini na rangi ya manjano iliyofifia, karibu na ya vipande vya zamani, na nikauchanganya na chenga za vigae vilivyopondwa na kuchekechwa. Chenga zinapunguza kusinyaa na kuupa mvuke njia ya kutokea.

Kusinyaa hakukwepeki. Mstari wa sentimita 10 niliouchora kwenye udongo mbichi ulitoka motoni ukiwa na 9.1. Kwa hiyo kipande kinachotakiwa kuwa na sentimita 45 ukutani nilikifinyanga kwa 49 na nusu. Kufanya hesabu hiyo kwa kila jicho la mnyororo kunachosha akili, hivyo nilichora rula yangu mwenyewe kwenye ubao, ambayo kila sentimita yake ina milimita 11. Napima cha zamani kwa rula ya dukani, nafinyanga kwa rula yangu, na namba zinabaki zilezile. Watu wa kalibu za chuma wana rula za namna hiyo tangu zamani. Ubao huo ulikuwa na thamani kuliko chombo chochote mezani pangu, na niliuandika pande zote mbili kwa rangi nyekundu asije mtu akaukopa kupimia mbao.

Unene wa kuta uwe mmoja, mimi nilishika sentimita 3, na nyuma pawe wazi. Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za watu wengi hapa kwetu, kwa sababu wanadhani hewa ya Mombasa ina unyevu basi hakuna haraka. Msimu wa kaskazi upepo unapita dirishani mchana kutwa, unakausha upande mmoja kabla ya mwingine, na utepe ulionyooka unaamka umepinda. Nilifunika vipande kwa magunia mabichi na nailoni juu yake, nikawa navigeuza, na madirisha ya upande wa upepo yakafungwa hata kwa joto lile. Tanurini moto ulipanda polepole sana mwanzoni, hadi maji yote yatoke, kisha ukapelekwa hadi kama nyuzi 1,080.

Mnyororo wa farasi ndio ulionipa kazi ya pekee. Kwenye nembo ya zamani ulikuwa umelika hadi kuwa mstari uliovimba, isipokuwa macho machache nyuma ya mguu. Hayo machache yalionyesha kwamba fundi alikata kila jicho kwa nafasi halisi katikati, mwanga ukapita. Kwa vile ushahidi ulikuwepo, nikaukata wote hivyo. Mzee wa barzani alikuja siku moja karakana ilipokuwa wazi, akaegemea bakora, akautazama farasi kutoka kichwani hadi kwatoni.

"Na huyu mbona wamemtia pingu?"

Nikamweleza kwamba farasi ni mnyama wa Scotland, na kwa hadithi zao ni mkali hashikiki, ndiyo maana anafungwa.

"Huyo mtie vizuri," akasema. "Nyororo lionekane."

Kupandisha vipande ukutani kulikuwa kazi ya waashi zaidi kuliko yangu, ila nilisimama pale kwa mambo mawili. Vyuma vya kushikilia viwe stenlesi, na maungio yawe ya chokaa na mchanga. Kila asubuhi palitokea mfuko wa simiti karibu na ngazi, na kila asubuhi ulirudishwa ghalani. Simiti ya zamani iliyozunguka nembo ilichongwa taratibu na ukuta ukaachwa upumue kwanza kabla ya kupakwa chokaa upya. Juu ya taji tuliweka bati la risasi linalotokeza kidogo mbele, ili maji ya masika yadondokee nje badala ya kuteremka usoni. Nyuma ya kila kipande kipya nimegonga mhuri wa mwaka kabla ya kuchoma. Vipande vya zamani, hata vile visivyo na umbo tena, vimo kwenye masanduku ndani ya jengo, na kile cha kiuno cha simba kimelazwa kifudifudi, mgongo juu, ili alama za gumba zionekane na yeyote atakayefungua.

Ulizuka pia ubishi wa rangi. Walikuwepo waliotaka dhahabu kwenye taji na nyekundu kwenye ngao, kwa sababu ndivyo nembo hiyo inavyochorwa kwenye karatasi. Chini ya utepe, mahali pasipofikiwa na jua, tulikuta tabaka za chokaa ya kupaka, zote nyeupe au za maziwa, hakuna hata chembe ya dhahabu. Ikapakwa chokaa. Itahitaji kupakwa tena kila baada ya misimu michache ya masika, kwa chokaa hiyo hiyo na si rangi ya mafuta, na maagizo hayo nimeyaandika kwa Kiswahili na kuyabandika nyuma ya mlango wa ngazi ya paa, pamoja na namna ya kuchanganya.